Dondoo muhimu: Kuona majani mekundu ya miombo, Litumbandyosi, Mbinga

Japani, watu humiminika kwenye mahekalu ya Kyoto mwezi Novemba kutazama majani yakigeuka rangi kabla ya kudondoka. Kwetu Mbinga wekundu huja na jani changa. Miombo huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua, na kwa muda mfupi msitu huwa mwekundu, wa shaba na wa dhahabu. Uzuri huu unastahili safari.

Wakati. Lenga Septemba hadi mapema Oktoba. Tarehe hubadilika kila mwaka, hivyo piga simu kwa mwenyeji kabla hujafunga mizigo. Klorofili, rangi ya kijani ya mimea, ikiongezeka, jani hugeuka kijani upesi.

Saa. Asubuhi na alasiri. Simama mti ukiwa kati yako na jua: jani changa ni jembamba, mwanga hulipenya. Saa sita mchana rangi hufifia, tena huu ni msimu wa kuchoma mbuga na moshi hutanda.

Njia. Songea hadi Mbinga ni lami, na Peramiho, abasia ya Wabenediktini iliyoanza 1898, ipo karibu na njia hiyo. Kuelekea Litumbandyosi chukua gari lililoinuka.

Ruhusa. Ripoti ofisi ya kijiji kwanza. Kuingia pori la akiba la Litumbandyosi kunahitaji kibali.

Mavazi. Epuka bluu na nyeusi; huvuta mbung'o. Vaa suruali ndefu, beba maji ya kutosha, na usivunje matawi kwa ajili ya picha.