Somo: Furaha ya Asiyeamini

Wako wazazi, huku Mbinga na kule ziwani Liuli na Mbamba Bay, wanaosikitika kwamba kijana wao amerudi kutoka masomoni na kanisa halitaki tena. Majirani husema, "Basi, maisha yake hayana maana." Hapo mimi nakataa.

Mwaka 1970 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alialikwa kusema mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Aliwaambia waziwazi kuwa yeye si mtu wa Kanisa, wala si Mkristo. Baadaye akaliacha na jina lake la James. Je, aliharibikiwa? Pamoja na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ alionyesha mchezo kwa Kikuyu, akawekwa kizuizini bila kesi tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Huko gerezani Kamiti akaandika riwaya nzima juu ya karatasi za chooni. (Zilikuwa ngumu, kwa hiyo zilifaa kalamu!) Akaendelea kuandika kwa Kikuyu miaka mingi; alifariki 2025. Mtu asiye na kusudi hafanyi hivyo.

Sisemi imani ni bure. Mimi siku yangu haisimami bila sala ya asubuhi. Lakini someni Warumi 2:14-15. Basi mkimwona kijana wenu anamlimia mjane ngoro bila malipo, au anafundisha watoto kusoma, mwulizeni anapata furaha gani humo, na mmwache amalize kujibu.