Msiba wa Mtu wa Makamo: Kijitabu cha Nasaha kwa Watu wa Nyumbani

Mtu akishapita miaka 40 hukuta mauti yamezidi kuizoea nyumba yake. Aghalabu katika muda mfupi huzika baba au mama, akampoteza ndugu aliyenyonya naye ziwa moja, na pengine mwenziwe wa ndani, ilhali watoto wake bado wangali wadai ada ya shule. Na ajabu ya umri huu ni kwamba mfiwa mwenyewe ndiye msimamizi wa msiba: ndiye apigaye simu za tanzia, aulizaye bei ya sanda, atafutaye wachimba kaburi na turubai, apimaye mchele wa watu wa matanga, na apokeaye mikono ya wanaomwambia "Makiwa" huku jicho lake liko mlangoni kuangalia kama maji ya kunywa yamefika. Watu humsifu kwa uthabiti wake. Sisi hatuusifu sana uthabiti huo, kwa sababu aghalabu ni kazi tu iliyochukua nafasi ya kilio, na kazi ile huisha.

Huzuni katika mwili

Huzuni si maradhi. Kukosa usingizi, kusahau jambo uliloagizwa sasa hivi, kuwakasirikia wasio na hatia, kuilaumu nafsi yako, hata kusikia sauti ya marehemu ikiita uani wakati wa magharibi, ni mambo yanayowapata watu wengi wenye akili timamu, wala hayahitaji kupungwa. Tena huzuni haipandi ngazi. Zile hatua 5 zinazotajwa sana, alizozieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka wa 1969, alizipata kwa wagonjwa waliokuwa wakikabili mauti yao wenyewe. Basi usimhukumu shangazi yako kuwa amerudi nyuma kwa sababu juzi alicheka harusini na leo analia jikoni. Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka wa 1999 kuwa mfiwa huenda na kurudi, saa hii akikabili msiba wake na saa ile akikabili maisha yaliyobaki, na kwamba kupata nafasi ya kupumzika na huzuni ni sehemu ya kupona kwake.

Hata hivyo mwili wa mtu wa makamo hauna tena uvumilivu wa ujana. Mnamo mwaka wa 1990 matabibu wa Japani walieleza maradhi ya moyo yajayo ghafla baada ya mshituko mkubwa, nayo huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi: sehemu ya chini ya moyo hulegea na kutuna, moyo ukawa na umbo la chungu ambacho wavuvi wa huko hutegea pweza. Wengi wakitibiwa hupona, lakini maumivu ya kifua na kukosa pumzi kunakoletwa na maradhi hayo hakutofautiki kwa macho na kule kwa mishipa ya moyo iliyoziba. Basi mfiwa akishika kifua asipewe maji ya sukari na kuambiwa ni majonzi. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama jeneza halijatoka.

Jambo dogo lenye madhara makubwa ni dawa za kila siku. Chumba cha mfiwa hupewa wageni, kabati hufunikwa na mikoba na mabuibui, na vidonge vya presha hubaki katika mtoto wa meza ambao hakuna awezaye kuufikia bila ya kuwaamsha watu watatu. Chupa za insulini nazo hutolewa nje ya friji ili nyama ipate nafasi. Wakati huohuo mwenye kisukari hupewa chai tamu na kila amwoneaye huruma, au hali kabisa na huku amekwisha kujidunga sindano yake, na hili la pili laweza kumwangusha upesi kuliko la kwanza. Chagueni kijana mmoja mwenye busara, mkabidhini dawa tangu siku ya kwanza, naye amfuate mfiwa kwa wakati wake, kidonge mkononi na gilasi ya maji, akihakikisha kwanza kuwa amekula. Dawa ya usingizi ya jirani isipokewe, hata ikitolewa kwa mapenzi.

Kizuka na mgane

Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa eda miezi 4 na siku 10, na akiwa na mimba hukaa mpaka ajifungue. Ndani ya eda mna hekima ambayo hata tabibu asiye Mwislamu angeikubali: huzuni imepewa muda, mahali na heshima, na hakuna amwambiaye kizuka aharakishe. Tunalolikataa ni nyongeza za mila, kama kumnyima mazungumzo na hewa, au kumzuia asiende kupimwa presha, ilhali wanazuoni wameruhusu atoke kwa dharura, na matibabu ni dharura. Tena kukoma hedhi, ambako kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, huja na joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa kukatikakatika. Kizuka wa umri huo huenda akadhani yote ni msiba, kumbe yamemfika mambo mawili, na hilo la kukoma hedhi lina tiba yake.

Mgane hana eda. Huambiwa ajikaze, na kabla ya arobaini mashangazi wamekwisha kumtajia jina la mwanamke. Mwaka wa 1969 watafiti wa Uingereza walitangaza habari za wagane 4,486 wenye miaka 55 na zaidi: katika miezi 6 ya mwanzo vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao wenye wake, na waliozidi kufa hususan ni wa maradhi ya moyo. Mwanamume aliyezoea kuandaliwa chakula na kukumbushwa siku ya kliniki hupotewa na vyote hivyo kwa siku moja. Kaeni naye barazani, mleeni kwa chakula, na mfundisheni kupika. Hatusemi kwa mzaha.

Baada ya arobaini

Watu wetu wa pwani ni hodari wa kuanza msiba, wala si hodari wa kuuendeleza. Matanga yakishaondoshwa, turubai hushushwa, masufuria ya kuazima hurudishwa, na baada ya hitima ya arobaini simu hunyamaza. Na ndipo msimamizi yule asiyelia anapoanza kulia, peke yake, mwezi wa 3 au wa 4. Kabla jamaa hawajatawanyika wapatane ni nani atakayekuja kila juma katika miezi hiyo, na nani atakayekuwapo Idi au Krismasi ya kwanza. Nguo za marehemu zisigawiwe kwa haraka. Jina lake litajwe.

Wapo pia waliofiwa pasipo kaburi. Meli ya Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, wako ambao miili yao haikupatikana. Jamaa wa watu kama hao msiwalazimishe kukata tamaa siku mnayoitaka nyinyi. Wafanyieni kisomo na dua, na waacheni waulize habari hata mkishachoka kuzijibu.

Wakati wa kwenda kwa tabibu

Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka wa 2022 imeitambua huzuni iliyogeuka maradhi: miezi 6 au zaidi imepita, hamu ya marehemu haipungui, mfiwa hawezi kazi wala malezi, na hali yake imepita mno kadiri ya desturi na dini ya watu wake. Sharti hili la mwisho ni la insafu, kwa maana si kila aliaye mwezi wa 7 ni mgonjwa. Huzuni hiyo hutibiwa kwa mazungumzo maalumu. Na ikiambatana na sonona, yaani mtu asipofurahia chochote na kujiona hana thamani, tabibu huweza kuongeza dawa.

Lakini mmoja hangojwi miezi 6, naye ni yule asemaye anatamani kumfuata marehemu. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa za shamba ziondolewe nyumbani, na apelekwe kituo cha afya siku ileile. Afuatane na mtu anayeishi naye nyumba moja, awezaye kumweleza tabibu siku ya msiba, usingizi wake, chakula chake, na pombe kama anakunywa, maana mwenyewe huenda akajibu kuwa hajambo. Na dawa zake zote, azitumiazo na alizoziacha, zichukuliwe mkobani.