Mbegu ya kijiji ikae mahali pa juu



Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba, katika sekta ya Ngandja, ulifurika na kubomoa nyumba. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika nalo lilipanda, likaingia majumbani na mashambani.

Nyumba tunajenga tena. Lakini maji yakibeba mbegu, kijiji kinabaki kungojea msaada, na mvua ya kupanda haingojei mtu. Njo maana tunashauri kila koperative iwe na shamba la mbegu mahali pa juu, maji yasipofika.

Tuanze na mihogo, maana inaoza upesi udongo ukijaa maji.

1. Hesabu. Tukipanda mita 1 kwa mita 1, ari 10 zinahitaji vijiti 1.000. Wamemba 20, kila mmoja ari 10, ni vijiti 20.000. Mti mmoja uliokomaa unatoa karibu vijiti 10. Basi inatosha miti 2.000, yaani ari 20 tu.

2. Kuchagua. Tukate kwenye miti ya miezi 8 hadi 12, isiyo na majani yaliyojikunja wala madoa ya manjano. Kijiti kiwe na sentimita 20 hadi 25. Miti isiyopandwa mara moja isimamishwe kivulini, shina likigusa udongo.

3. Kulinda udongo. Mistari ikate mteremko, isishuke nao. Juu na chini ya shamba tupande matete. Yanashika udongo na kulisha mbuzi.

4. Maharagi na mahindi. Mbegu ikauke vizuri, ichanganywe na jivu, ifungwe ndani ya bidoni kavu. Tuigawanye: nusu kijijini, nusu kwa memba anayekaa juu. Maji yakichukua moja, nyingine inabaki.

5. Viazi vitamu. Tuweke kipande kidogo cha majani yake ya kupanda. Vinakomaa miezi 3 hadi 5, vinasaidia tumbo wakati mihogo inakua.

Mwenye udongo wa juu si lazima awe memba. Tupatane naye mbele ya chefu, na patano liandikwe, tusije tukafukuzwa miti ikishakomaa.

Kwenye mkutano ujao, wamama na wababa, tujibu haya: shamba litakuwa wapi? Nani atalilinda? Mafuriko yakija, nani atapata vijiti kwanza? Tukubaliane sasa, kungali kukavu.