Wimbo Wako Kwenye Kampeni Yao

Tuseme wewe ni msanii wa Mwanjelwa, Mbeya. Gari la matangazo linapita likipiga biti yako na kiitikio chako, ila maneno yamegeuzwa kumkejeli mgombea fulani. Wiki hiyohiyo wimbo huo unasikika Mwembetogwa, Iringa. Ukilalamika unajibiwa, "Huo ni utani tu, na wewe mwenyewe tunajua ni wa chama gani." Majibu yote mawili hayakunyang'anyi haki.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaulinda wimbo tangu unapotungwa, hata kama hujausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Kuunakili, kuubadili na kuupiga hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Yapo matumizi machache yasiyohitaji ruhusa, kama ya binafsi au kunukuu kwa kiasi, lakini utani wa kisiasa haukutajwa humo kwa jina. Mtunzi pia anaweza kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Suala la chama ndilo linalowavunja wengi moyo. Joseph Mbilinyi, Sugu wetu, alitoka kwenye hiphop akawa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, 2010 hadi 2020. Msimamo wake uko wazi kabisa, na bado haugeuzi nyimbo zake kuwa mali ya kila mtu.

Marekani hoja hii ilifika mahakamani. Charles DeVore, mwanasiasa wa Republican huko California, alibadili maneno ya nyimbo mbili za mwanamuziki Don Henley kuwashambulia wapinzani wake. Aliposhtakiwa alijitetea kwamba Henley ni mliberali, hivyo naye alikuwa akidhihakiwa. Mwaka 2010 Jaji James Selna aliukataa utetezi huo. Wimbo mmoja haukumlenga Henley hata kidogo; ule mwingine ulichota mno. Lakini Henley naye alishindwa kwenye dai kwamba watu wangedhani anamuunga mkono DeVore. Kilichombeba ni hakimiliki.

Kwa hiyo ukienda kudai, simamia wimbo. Ukianza kubishana wewe ni wa chama gani, utakuwa umewahamishia kesi kwenye uwanja wao.

Na ushahidi ukusanywe mapema. Tunza faili la kwanza la studio lenye tarehe, andika mahali na saa wimbo ulipopigwa, rekodi video. Chunguza pia makubaliano yako na prodyuza, maana huenda biti si yako peke yako. Kama uliwahi kuuza haki zako, uhamisho huo sheria inautaka uwe kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Kisha andika barua ya kudai matumizi yasitishwe, upeleke malalamiko COSOTA. Waliotumia wimbo wakikaidi, mahakama inaweza kutoa zuio na kuamuru ulipwe fidia. Kama huna pesa ya wakili, watafute watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure.