Ukipima Wachache, Unawasemeaje Wote? Somo la Takwimu Kutoka Ziwa Katwe



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaosoma masomo ya Kiislamu hukutana na takwimu pale tunapotakiwa kufanya utafiti, na sehemu inayotusumbua zaidi ni mgawanyo wa wastani za sampuli. Jina ni refu, lakini nyuma yake kuna swali moja tu: ukipima wachache, una haki gani ya kuwasemea wote? Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na namba nayo ni habari.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kabatoro, kwenye Ziwa Katwe, chumvi huvunwa katika vidimbwi vilivyotengwa kandokando ya ziwa, na kila kidimbwi kina mwenyewe. Kimoja hutoa chumvi nyingi, kingine kidogo. Anayetaka kujua wastani wa mavuno hawezi kupima vyote, kwa hiyo huchagua vichache. Hivyo vichache ndivyo sampuli.

Ili tuone kinachotokea, tuseme kuna vidimbwi vitano tu, na mavuno yake ni magunia 2, 4, 6, 8 na 10. (Namba hizi ni za mfano.) Jumla ni 30, na wastani wa kweli ni 6. Sasa chagua viwili bila kupendelea. Kuna njia 10 za kuchagua viwili kati ya vitano, na kila njia ina wastani wake:

2 na 4: 3
2 na 6: 4
2 na 8: 5
2 na 10: 6
4 na 6: 5
4 na 8: 6
4 na 10: 7
6 na 8: 7
6 na 10: 8
8 na 10: 9

Orodha hii ya majibu kumi ndiyo mgawanyo wa wastani za sampuli. Ni majibu yote ambayo sampuli ya vidimbwi viwili ingeweza kukupa. Wewe utapata moja tu kati ya hayo, lakini ukiijua orodha nzima utajua jibu lako lingeweza kukosea kwa kiasi gani.

Angalia mambo mawili. Kwanza, jumlisha majibu yote kumi, utapata 60. Gawanya kwa 10, utapata 6, wastani ule ule wa kweli. Sampuli moja yaweza kuzidisha au kupunguza, lakini zote kwa pamoja haziegemei upande wowote. Pili, tazama upana wa majibu. Ukipima kidimbwi kimoja, jibu laweza kuwa popote kati ya 2 na 10. Ukipima viwili, ni kati ya 3 na 9. Vitatu, kati ya 4 na 8. Vinne, kati ya 5 na 7. Ukipima vyote vitano, ni 6 tu. Sampuli inavyokua, majibu yanausogelea ukweli.

Hapa wanafunzi wengi huchanganya mambo matatu, basi tuyatenganishe. Kuna mtawanyiko wa vidimbwi vyote, ambao kwa kawaida hatuujui. Kuna mtawanyiko wa vidimbwi ulivyovipima katika sampuli yako moja. Na kuna mtawanyiko wa wastani za sampuli zote ambazo zingewezekana. Kuongeza sampuli hakubadilishi tofauti iliyopo kati ya kidimbwi na kidimbwi. Kinachopungua ni huo mtawanyiko wa tatu.

Kipimo chake huitwa kosa sanifu. Vidimbwi vikiwa vingi sana kuliko sampuli, chukua mkengeuko sanifu wa mavuno, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi uliyopima. Tuseme mkengeuko sanifu ni kilo 12. Ukipima vidimbwi 9, kosa sanifu ni 12 kugawanya kwa 3, yaani kilo 4. Ukipima 36, ni kilo 2. Ukipima 144, ni kilo 1. Kwa hiyo kulipunguza kosa kwa nusu kunahitaji kazi mara nne. Panga nauli na siku zako kabla ya kwenda uwanjani!

Jambo jingine la ajabu ni umbo. Hata kama mavuno yenyewe yameegemea upande mmoja, wastani za sampuli kubwa hukusanyika katika umbo la kengele. Mfaransa Laplace aliionyesha kanuni hii mwaka 1810. Kwa sababu yake, takriban sampuli 95 katika kila 100 huwa na wastani ulio ndani ya makosa sanifu mawili kutoka kwenye ukweli. Basi ukipima vidimbwi 36, ukapata wastani wa kilo 50 na kosa sanifu la kilo 2, usiandike "50" ukanyamaza. Andika kwamba wastani wa wote unakadiriwa kuwa kati ya kilo 46 na 54. Huo ndio uaminifu wa mtafiti.

Lakini hesabu hizi zote zina sharti: uchaguzi usiwe na upendeleo. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (SAW) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na akakemea udanganyifu. Aliyetazama juu tu angeona chakula kikavu, hata angetazama mara mia.

Vivyo hivyo, ukipima vidimbwi vya Katwe wakati wa kiangazi tu, ilhali mvua hupunguza mavuno, jibu lako litazidi ukweli wa mwaka mzima. Kuongeza vidimbwi hakutakusaidia. Utakosea vilevile, ila kwa kujiamini zaidi. Na ikiwa ushuru au msaada utapangwa kwa namba yako, atakayeumia ni mwenye kidimbwi.

Zoezi: vidimbwi vinne vina magunia 3, 5, 7 na 9. Orodhesha sampuli zote za viwili viwili, tafuta wastani wa kila moja, kisha wastani wa hizo wastani. Ukipata majibu sita, na wastani wake ukawa 6, umeelewa somo.

Wabillahi tawfiq.