SOMO LA AFYA: Mkojo Unavyoweza Kumsaidia Tabibu

Mwanamume aliyevuka miaka 50 anaweza kuanza kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Mkojo hukawia, hutoka kwa unyonge, na mwishoni hubaki matone. Wengi husema ni uzee, wakanyamaza. Wengine hukiepuka kituo cha afya kwa kuogopa kipimo cha kidole au mpira wa mkojo.

Dalili hizo zina vyanzo tofauti. Tezi dume ikikua huubana mrija wa mkojo; lakini msuli wa kibofu ukilegea, mkojo hutoka kwa shida vilevile. Ili kutofautisha hali hizo kwa uhakika, hupitishwa mpira mwembamba hadi kibofuni kupima mgandamizo. Kipimo hicho husumbua na kinaweza kuleta maambukizi. Hata hivyo, kukisia nako kuna madhara: mwenye kibofu dhaifu akipasuliwa tezi, huenda asipate nafuu.

Kwa sababu hiyo, watafiti wanauchunguza mkojo wenyewe. Kibofu kinachosukuma dhidi ya kizuizi kwa muda mrefu hunenepa ukuta, na baadhi ya protini zake huingia katika mkojo. Hizo ndizo viashiria. Ugumu ni kwamba kiashiria kilekile huweza kupanda kwa sababu nyingine, kama vile maambukizi.

Kwa upande wa saratani ya tezi dume, mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kipimo cha mkojo kiitwacho PCA3. Kilikusudiwa kumsaidia daktari kuamua iwapo mgonjwa ambaye kinyama chake hakikuonyesha saratani akatwe kingine. Hata hivyo, mkojo huo ulikusanywa baada ya tezi kupapaswa kwa kidole. Hivyo kwa kipimo hicho kidole hakikuepukika.

Aidha, mkojo wa kawaida tayari hueleza mengi. Kijiti cha kupimia huonyesha sukari, damu na dalili za maambukizi, na kisukari nacho huamsha mtu usiku. Darubini huonyesha mayai ya kichocho, hususan mkojo ukitolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Wakazi wanashauriwa kutosubiri vipimo vijavyo. Mwenye dalili hizi afike zahanati mapema. Anayekojoa damu, au ambaye mkojo umefunga kabisa, aende kituoni siku hiyohiyo.