Ritifaa na Inkisari katika Ushairi

Ritifaa (') ni alama ndogo, lakini katika swali la ushairi la Karatasi ya Tatu inaweza kumpotezea mtahiniwa alama mara mbili: anapoeleza uhuru wa mshairi na anapoandika ubeti kwa lugha ya nathari.

Matumizi ya ritifaa

(a) Kuonyesha sauti ya king'ong'o. Mwanafunzi wa Dundori anayekama ng'ombe kabla ya kwenda shuleni hutamka neno hilo sawasawa, asiandike "ngombe". Ng'oa ni kutoa kilichoshika ardhini. Ngoa ni wivu.

(b) Kufupisha mwaka: '63 badala ya 1963.

(c) Kuonyesha herufi au silabi iliyoachwa. Kiingereza hufanya hivyo katika mazungumzo ya kila siku: don't ni do not, na ritifaa hukaa palipoachwa o. Katika Kiswahili, matumizi haya hupatikana sana katika ushairi.

Mfano

Mimi ndugu wa shakani,
'Mekuja kukuauni.

Kila kipande kina mizani 8. Mshairi angeandika "Nimekuja kukuauni", mizani ingekuwa 9. Amedondosha silabi ni. Hii ndiyo inkisari.

Je, tunajuaje kuwa ni nimekuja wala si umekuja au amekuja? Ritifaa hutuambia kuna kilichoachwa. Haituambii ni kipi. Rudi kwenye muktadha: nafsineni amejitaja kwa neno "mimi".

Nathari: Mimi ni ndugu wa wakati wa shida, nimekuja kukusaidia.

Ukiandika "umekuja", umegeuza msaidizi kuwa msaidiwa, na maana ya ubeti imepotea.

Namna ya kujibu

Usiishie kusema "mshairi ametumia inkisari". Taja mbinu, toa mfano, andika neno kamili, kisha eleza sababu: Inkisari – 'mekuja badala ya nimekuja, ili kutosheleza mizani.

Tahadhari

Si kila neno lililofupishwa huhitaji ritifaa. Mamangu (mama yangu), babake (baba yake) na mwanangu (mwana wangu) huandikwa bila alama hiyo.

Zoezi

Mvua 'mekwisha kunyesha

1. Hesabu mizani ya kipande hiki. (alama 1)
2. Ni silabi gani iliyoachwa? Thibitisha kwa kutumia ngeli ya nomino "mvua". (alama 2)